Wakazi: Hakuna

Punta Arenas, Chile
2 Desemba 1989

Dada Tabu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu haijapata joto tangu Jumanne. Ulitegemea barua ya Dar es Salaam na umeletewa stempu ya ajabu. Usishtuke. Niko safarini kikazi, na ninakokwenda ni kusini.

Najua utakavyolisoma neno hilo. Ukimwambia mtu wa Ruaruke kwamba Sadala kaenda kusini, atajua nimevuka mto, niko Lindi au Mtwara nanunua korosho. Si kusini hiyo. Hii ni kusini ya mwisho, kule ramani inapokwisha, nchi nzima barafu. Kesho kutwa napanda meli.

Mambo yalikuwa ya haraka. Nchi moja ya Ulaya yenye kituo cha utafiti huko ilileta ofisini nafasi ya mtu mmoja, aliyezoea kupima maji. Jumatatu nikaitwa, Alhamisi nina pasi mkononi. Bwana mkubwa aliyenipendekeza alisema, "Sadala, fomu zako ni safi, huna maneno mengi." Nilifurahi kuliko siku niliyofaulu darasa la saba. Nafasi ya kuja kukuaga haikupatikana, nisamehe.

Tuko wageni wanne: mimi, Mghana, Mnepali na bwana mmoja wa Bangladeshi. Tutapima barafu, unene wake na jinsi inavyoyeyuka. Nimepewa koti la rangi ya chungwa, zito kama mtoto wa miaka mitatu. Nikilivaa siwezi kujikuna.

Shamba la Kitopeni vipi? Dungu la marehemu baba, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, linahitaji nguzo mpya upande wa mto. Fundi asikuwekee mti mbichi, utaoza kabla ya mavuno.

Mdogo wako,
Sadala Mwinyimvua


Ruaruke
9 Januari 1990

Mdogo wangu Sadala,

Marahaba. Barua yako imefika jana na imesomwa na watu wanane kabla yangu, maana stempu ilikuwa na ndege mweusi na mweupe na kila mtu Kibiti alitaka kumwona. Nimewaambia umekwenda kusini. Wote wamesema uwaletee korosho.

Nilikwenda kwa mwalimu Theopista anionyeshe ulipo. Ana tufe la shule, lile la dunia. Akalipindua, akatafuta, akacheka. Mahali ulipo ndipo pale chuma cha kushikilia tufe kinapoingia. Nchi yako imefunikwa na skrubu. Nikamwambia afungue, akasema dunia itaanguka.

Sasa nisikilize, maana hili halichekeshi. Huku nako kumeingia wageni. Ni enzi ya ruksa, Kibiti siku hizi unapata sabuni ya kunukia bila foleni na mitumba imejaa mpaka barabarani, wala sina ugomvi na hayo. Lakini sasa kuna mradi wa kamba. Kamba wa kula, si kamba ya kufungia mbuzi. Wanataka kuchimba mabwawa kuanzia mikokoni hadi Kitopeni. Bwana Benedict, afisa ardhi, alikuja na ramani akaitandika juu ya meza ya mwenyekiti wetu, mzee Muhidini. Bonde lote limepakwa rangi moja. Nikauliza rangi hiyo maana yake nini. Akasema, "Mama, ni eneo wazi. Kuna karatasi ya mtaalamu inasema halina wakazi."

Itakuja kamati, wanasema baada ya mvua kushika. Shamba watakalolikuta na mtu litabaki kwa mtu wake. Lisilo na mtu linakwenda kwenye mradi. Kwa hiyo nimehamia dunguni mapema. Nguzo nimeweka, mti mkavu, usinifundishe. Kibanda bado kimeinama kidogo na ngazi ina vipago viwili vibovu, lakini moshi wangu unaonekana mpaka dunguni kwa jirani yetu mzee Bushiri.

Wewe ni mtu wa maji serikalini. Niulizie mtaalamu huyo ni nani. Mtu anayeweza kusimama Kitopeni akasema hapana watu hajawahi kula wali.

Dada yako,
Tabu binti Mwinyimvua


Kisiwani, kusini kabisa
11 Januari 1990

Dada Tabu,

Shikamoo. Jibu lako halijafika, meli huja inapopenda. Naandika tu, kwa sababu nisipoandika nazunguka humu ndani mpaka wenzangu wanakasirika.

Kwanza huku si barafu tupu. Miezi hii kisiwa kina matope, na matope yake ni kama ya kwetu kasoro harufu. Jua linazama karibu saa tano za usiku na giza haliingii sawasawa. Isha sijui niiswali wakati gani, naiswali nikichoka. Kuna ndege wasioruka, wamesimama maelfu, wananuka kuliko dagaa walioloa. Ungenicheka. Maisha yako yote umefukuza ndege, na hapa hata kuwasogelea ni kosa.

Sasa nikwambie kinachoninyima utulivu. Kisiwa hiki kimoja kina vituo vya nchi nane. Warusi na Wachile wanapakana kama jiko na ukumbi, na kwa Wachina ni mwendo wa nusu saa. Nilidhani wote wamekuja kupima. Wapo wanaopima kweli. Yupo mzee mmoja anahesabu ukoga wa kwenye mawe tangu asubuhi na hana habari na bendera ya mtu. Lakini nchi zao zimewaweka kwa jambo jingine. Upo mkataba wa kuitawala barafu hii. Wenye kura ndani yake ni wale waliofanya utafiti wa maana, na njia ya kuonyesha utafiti wa maana ni kuwa na kibanda. Kibanda kikisimama, moshi ukitoka, mtu akiandika joto na upepo kila asubuhi, nchi yake ina sauti juu ya kila kitu kitakachoonekana chini ya barafu, mafuta au madini. Nchi zetu hazina kibanda, kwa hiyo kila mwaka zinalalamika Umoja wa Mataifa, na kila mwaka zinasikilizwa kwa adabu.

Dada, ni madungu. Nililala nikalifikiria nikacheka peke yangu. Wamejenga madungu kwenye shamba lisilo na mpunga, wanamlinda ndege asiyeruka. Hakuna aliyezaliwa hapa, hakuna kaburi la babu wa mtu, lakini anayewasha moto na kuandika namba ndiye anayeulizwa. Niliwaeleza wenyeji wangu kanuni ya bonde letu, kwamba dungu likisimama na moshi ukionekana hakuna wa kugusa shamba, na likilala misimu mitatu mtu anaweza kuliomba. Mkubwa wao akasema hiyo ni sheria nzuri kuliko ya kwao. Sikujua kama ananisifu.

Na hili usimwambie mtu. Sijapima kitu. Sijapewa hata kipimajoto. Tunapigwa picha tukiwa tumeshika vifaa, halafu vifaa vinarudishwa sandukuni. Wiki iliyopita tumeletewa maelezo ya ukurasa mmoja tutie saini, kwamba sisi wageni kutoka nchi zinazolalamika tumeshiriki utafiti kikamilifu na tumeridhika na utaratibu uliopo. Ukurasa huo utapelekwa New York. Atakayesaini atapata miaka miwili ya masomo Ulaya. Mghana na Mnepali wamesaini. Mbangla anasema tumbo linamuuma. Mimi nimeomba siku chache, na kila asubuhi mkubwa ananiuliza nimeamkaje. Nataka hiyo miaka miwili, dada. Naitaka sana. Lakini sijasaini na sijui kwa nini.

Sadala


Kisiwani
17 Februari 1990

Dada Tabu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tisa imeletwa na meli leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa chini kwenye matope na koti langu la chungwa.

Unauliza mtaalamu huyo ni nani. Ni mimi.

Mwezi wa kumi nilipita Kitopeni kwa boti na wageni wawili. Sikuja kijijini, tulikuwa na haraka, na nililiona ni jambo dogo, sikukwambia. Bonde lilikuwa kavu, wote mmerudi Ruaruke kama kila kiangazi. Fomu ilikuwa na visanduku: mahali, kina cha maji, mimea, wakazi. Penye wakazi nikaandika "hakuna". Kwetu mkazi ni aliyelala hapo jana, na jana yake hakulala mtu. Wangeuliza wenyewe wa bonde ni nani, ningejaza majina mpaka karatasi iishe. Kisanduku cha wenyewe hakikuwapo.

Ningependa kuishia hapo nionekane nilikosea neno tu. Lakini dungu la baba nililiona. Niliwaonyesha wale wageni kwa kidole nikasema, "Lile letu." Wakacheka, wakapiga picha. Halafu nikaandika hakuna, kwa mwandiko safi, nikageuza ukurasa.

Na aliyenipa fomu ile ndiye aliyenipendekeza safari hii. Nimekaa nikayaweka hayo mawili pamoja leo, wakati wewe ungeyaweka pamoja siku ile ile. Kamati ikimtaka mtaalamu aje aeleze maneno yake, mtaalamu yuko mahali ambapo barua inakwenda wiki sita.

Usiondoke dunguni. Nitaandika kwa kamati, nitafuta maneno yangu. Meli nyingine ni mapema mwezi wa tatu. Nina aibu kubwa, dada, na hapa hakuna hata mahali pa kwenda kuificha.

Sadala


Kitopeni, dunguni
20 Februari 1990

Sadala,

Nimeiona karatasi. Bwana Benedict alinionyesha mwenyewe, nilimsumbua mpaka akachoka. Nilidhani nitaona jina la mtu wa Arusha au wa Ulaya. Nikaona S yenye mkia, mkia umezunguka mpaka chini ya jina la baba. Mkia huo nilikufundisha miye, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uani, mwaka ule wa elimu ya watu wazima nilipokuwa najua herufi kumi na nane tu.

Misimu tisa nimefukuza kwelea hapa ili wewe usome kupima maji. Ukasoma. Ukaja ukapima, mimea ukaiona, kina ukakiona, mimi hukuniona. Bora ungesema umeuza, ningejua nina ndugu mwenye tamaa. Kusema sipo sijui niliite nini.

Mzee Muhidini amenishauri nirudi kijijini, anasema mradi utaleta ajira na jina la mtaalamu ni la ukoo wetu, kwa hiyo tutafikiriwa kwanza. Nimemwambia akajifikirie yeye.

Sitaki jibu. Mpunga umeanza kufunga tumbo, suke liko njiani, na nguruwe wamenusa. Nina kazi.

Tabu


Punta Arenas
9 Machi 1990

Dada Tabu,

Shikamoo. Sijapata barua yako yoyote baada ya ile ya Januari, na ukimya wako nauelewa. Nakala ya niliyoandika kwa kamati ndiyo hii, uione kwa macho yako:

"Kwa Kamati ya Ukaguzi, Mradi wa Mabwawa ya Kamba, Kibiti. YAH: KUSAHIHISHA FOMU YA BONDE LA KITOPENI, OKTOBA 1989. Mimi niliyejaza fomu hiyo natamka kwamba neno 'hakuna' nililoandika penye wakazi si kweli. Nilipita kiangazi, mchana mmoja, bila kushuka kwenye boti. Bonde hilo lina wenyewe, wanaolima, kulala na kulinda mashamba tangu mvua hadi mavuno. Nililijua hilo nilipokuwa nikiandika, kwa kuwa ni kwetu. Naomba fomu ifutwe na niko tayari kuhojiwa. Nimeitia saini kwa hiari yangu. S. Mwinyimvua, Mpima Maji."

Na ule ukurasa wa wenyeji wangu sikuutia saini. Mkubwa wao hakukasirika, ndicho kilichoniudhi. Aliniuliza sababu. Nikamwambia nimeshawahi kusaini karatasi moja kuhusu mahali nilipopita bila kushuka, na inatosha. Akaniletea chai, kesho yake jina langu likatolewa kwenye orodha ya masomo. Mbangla naye tumbo lilikataa mpaka mwisho. Tumerudi meli moja, chumba kimoja, hatuna cha kuonyesha ila makoti. Amesema kwao mto ukisogea, wanaume wanapigana kwa ajili ya kisiwa cha matope kabla hakijakauka. Nikamweleza habari ya Kitopeni. Akauliza kama dada yangu anajua kuogelea.

Sijui kama barua hii itawahi. Sijui kama bado nina kazi. Nitafika Dar es Salaam mwezi wa tano, Mungu akipenda.

Sadala


Kitopeni
5 Mei 1990

Sadala,

Natuma kwa Emmy wa ofisini kwako, akupe ukitua, kabla hujapanda gari la kuja huku na kunikuta sijajiandaa kukuona.

Nikwambie kwa mpangilio. Barua yako ya madungu ilifika tarehe ishirini na sita Februari, nikiwa nimekwisha kukuandikia ile yenye hasira. Nilitaka niiwashie moto. Nikaisoma kwanza, nikafika pale unaposema anayewasha moto na kuandika namba ndiye anayeulizwa. Moto ninao. Kesho yake alfajiri nikashuka kipago cha mwisho, nikachonga alama kwa kisu kwenye nguzo, maji yalipofika. Na kila alfajiri baada ya hapo. Sikujua itanisaidia nini. Nilikuwa na hasira na nilitaka kukata kitu.

Barua yako ya "ni mimi" ilikuja mwisho wa Machi, siku ya pili ya mfungo. Sikulia. Nilifuturu kwa maji nikalala.

Kamati ilikuja tarehe kumi na moja Aprili, watu watano kwenye mitumbwi miwili, bwana Benedict ameshika ramani isilowe. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kipago cha tatu, hawakuweza kushuka wakawa wananisemesha wakiwa wamekaa chini na mimi niko juu. Ramadhani, sina hata cha kuwakirimu. Bwana Benedict akasoma karatasi yako. Akasema, "Mama, mtaalamu ni ndugu yako, na ameandika hakuna. Sasa wewe ni nani hapa?"

Nikawasomea barua yako, Sadala. Ile ya Januari, habari ya vibanda vinane kwenye barafu. Nilisoma yote, hata ndege wanaonuka. Nikawaambia, "Huyo mtaalamu wenu hivi sasa amekaa kwenye kibanda mahali pasipo na hata kaburi, na nchi nzima ya Ulaya inasema kwa sababu ya kibanda hicho pale ni pao. Miye nimekaa kwenye changu misimu tisa, na baba kabla yangu. Kama cha kwao ni kibanda, hiki ni nini?"

Bwana Benedict akasema mambo ya barafu hayahusiani. Lakini yupo mmoja wao, mtu mfupi wa mambo ya maji, jina lake Stephano, alikuwa haangalii uso wangu. Anaangalia nguzo. Akauliza alama zile nani kazichonga. Nikamwambia ni miye, ni kimo cha maji, kila siku alama moja. Akazihesabu kwa kidole, arobaini na nne. Akataka kujua zinaanza lini. Nikamwambia, na kwamba ile pana ni siku mto ulipopanda ghafla. Akatoa daftari akazinakili zote, mtumbwi unayumba. Akasema msimu huu bonde zima halina kipimo kingine ila hicho, na mabwawa yangechimbwa hapa yangezama mara mbili. Kisha akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida tu, "Huwezi kuchonga hizi bila kulala hapa."

Wakajaza fomu mpya mbele yangu. Nilidai kuiona kabla hawajaondoka. Penye wakazi pameandikwa Tabu binti Mwinyimvua. Bwana Benedict aliuliza kama lisiandikwe jina lako, wewe ndiwe mwanamume. Nikamwambia wewe kwa maandishi yako mwenyewe hupo.

Yako ya kufuta maneno ilifika tarehe ishirini na nne, siku kumi na tatu baada ya wao kuondoka. Ni barua nzuri. Ningeipata mapema ningekupenda mapema.

Lakini si wote waliopona. Madungu kumi na moja yamebaki, manne yameandikwa wazi. Moja ni la mzee Bushiri. Alikuwa anaumwa, amelazwa kwa bintiye kule kijiji cha Mtawanya, moto wake ulizimika wiki mbili. Wakamkuta hayupo wakaandika neno lako lile lile. Nilisema ni lake, wakasema mimi nisimwakilishe mtu. Ameambiwa, anauliza tu kama mpunga wake umepona na ndege. Mpunga ninaulinda mimi. Shamba sijui.

Kwa hiyo ukija pitia Mtawanya kwanza. Usiende na maneno mengi. Mwambie mzee Bushiri ni nani aliyeandika, umwambie kwa mdomo wako, ukiwa umeshuka kwenye boti. Kisha umwombe jina lake sawasawa na la baba yake, uandike barua yako nyingine ya kufuta, hii ya kwake peke yake, uipeleke Utete wilayani kwa miguu kama gari hakuna. Hiyo ndiyo kazi yako sasa. Koti la chungwa mpe yeye, anasikia baridi.

Ukimaliza njoo Kitopeni. Tunaanza kuvuna mwezi ujao na mikono haitoshi. Vipago vibovu nimebadilisha, lakini usipande moja kwa moja kama zamani. Simama chini ya ngazi, piga hodi, usubiri. Pana mwenyewe.

Dada yako,
Tabu